Habari za Treni ya Kwanza Kufika Iringa, Ikiwa Juu ya Meza

Jongeeni, enyi watu wa Mbeya mnaoamkia ukungu, nanyi watu wa Iringa mnaoamkia upepo, jongeeni wakubwa kwa wadogo, mlioshiba na mnaosubiri chakula kiive, mketi mnyamaze, maana nitawahadithia jambo ambalo babu zenu hawakulisimulia kwa kuwa lilikuwa bado halijatokea, na ambalo wajukuu zenu hawatalisimulia kwa kuwa hawatalijali. Namwomba Mola aliyeinua milima na kutandaza mabonde anijalie ulimi usiokwama. Wino ninao tayari, kwa sababu naandika kwa kalamu iliyofungwa kamba kwenye kaunta ya duka la mke wangu. Na kwa nini mtu wa cheo changu aandike akiwa kaunta, badala ya kukaa chumba cha nyuma panapomstahili, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mimi ni Bushiri bin Anwari, mjukuu wa wauza nguo waliopanda kutoka pwani, na Katibu Mkuu wa Chama cha Reli Ndogo Nyanda za Juu. Chama chetu kina katiba ya kurasa kumi na tisa, muhuri wa mviringo, na wanachama watano, ambao mmoja wao, Clement, yuko Chunya akitafuta dhahabu tangu mwaka juzi na bado tunamhesabu ili akidi itimie. Mali yetu ni meza moja, urefu wake hatua nne, na juu yake reli ya upana wa vidole viwili. Kichwa cha treni tuliachiwa na mhandisi mmoja mgeni alipohama. Mabehewa tumeyakata wenyewe kwenye makopo ya samaki. Milima ya Uporoto ni magazeti na uji wa ngano, na mashamba ya mpunga ya Ubaruku ni nywele za brashi ya kufulia, zilizopakwa rangi ya kijani na kupandwa moja moja kwa subira ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuionyesha nyumbani kwake.

Vituo ni vitatu. Mbeya inashikwa na Sosthenes, Mzee wa Bendera, mtumishi mstaafu wa reli ya kweli, mwenye tumbo la heshima na saa ya mkononi ambayo huiamini kuliko jua. Chimala inashikwa na Mwalimu Verediana, Mtikisa Kengele, aliyekuwa mwalimu mkuu miaka thelathini na minne, na hadi leo madereva wa malori wakimwona barabarani huchomekea mashati. Makambako ni ya Dastan, Bwana wa Nyaya, fundi umeme asiyependa maneno. Ukitoka Makambako unaingia handaki na kutokezea tena Mbeya, jambo ambalo wataalamu wa ramani hawajalikubali, lakini duara halina namna nyingine.

Basi sikieni sasa aibu yetu, nami naisema nikiwa nimeinamisha kichwa. Kwa miaka sita treni hiyo haikuwahi kumaliza mzunguko mmoja. Si kwamba ilikuwa mbovu. Sosthenes aliturithisha sheria ya reli, kwamba treni haiondoki kituoni mpaka mkuu wa kituo cha mbele aandike kibali cha kusema njia ni nyeupe, nasi tukaipokea sheria hiyo kwa mikono miwili, tukaongeza nakala tatu, na muhuri kwenye kila nakala. Kwa hiyo treni ilipokuwa ikikaribia Makambako, muadhini alikuwa ameshaita Magharibi, na Mwalimu alikuwa anatakiwa kwenye kwaya. Tukafunga kikao, tukasoma yatokanayo, tukaenda nyumbani.

Chumba tulichokuwa tukifanyia ushujaa huo ni stoo ya mke wangu Mwanakhamisi, Malkia wa Sare za Shule, nyuma ya duka lake hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kwa miaka sita alivumilia. Mwaka huu tulipoalikwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono kule Iringa, alisimama mlangoni, mita ya kupimia ikining'inia shingoni, akatoa hukumu.

"Baba Nusrat, nami nakuja Iringa, nimtembelee dada. Hiyo treni ikizunguka mara moja, nikaiona kwa macho yangu, chumba ni chenu mpaka nizikwe. Isipozunguka, Jumatatu naingiza cherehani nne."

Tukaapa wote, na Clement tukamwapia.

Sasa hapa, ndugu zangu, napunguza sauti, maana duka lina masikio. Mwanakhamisi alikuwa ametuwekea chumbani sharti moja tu, kwamba chai isiingie, kwa ajili ya marobota ya nguo yaliyopangwa kona. Nami, mwenye kuandika sharti hilo kwenye katiba kwa mkono wangu, ibara ya kumi na moja, siku ya zoezi la mwisho niliingia na kikombe nimekificha ndani ya koti. Dastan alikuwa chini ya meza na nyaya zake. Sosthenes alikuwa ameinamia kitabu chake cha safari. Mwalimu alikuwa anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Nikakitua kikombe kando ya Chimala, kiwiko kikakigusa, na chai ya maziwa yenye sukari ikashuka juu ya reli kama mto Ruaha uliovunja kingo, nusu ikaishia kwenye robota la kaptula za khaki. Treni ikasimama. Nikafuta reli kwa tai ya shule niliyoiokota pale, nikazamisha kikombe mfukoni, nikasema kwa sauti ya mtu msafi kwamba pengine ni umeme.

Treni iliingia Chimala dakika nne baada ya wakati wake. Sosthenes akatazama saa, akaandika kitabuni: "Imechelewa dakika nne. Kosa la Chimala."

Mwalimu Verediana alisoma mstari huo mara mbili. Hakupaza sauti. Alikunja bendera yake ya kijani, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu, akasema Iringa atakwenda kwa kuwa jina lake limeshatangulia, ila hakuna treni itakayoingia Chimala mpaka mstari ule uondoke. Sosthenes akajibu kwamba kitabu cha reli hakifutwi. Kwa wiki tatu hawakusemezana. Mimi nilikaa kimya. Mke wangu alipoliona lile doa, alihisi paa linavuja, akamwita fundi, na fundi akapanda mara mbili kutafuta tundu, na aliyeshika ngazi mara zote mbili, enyi waungwana, nilikuwa mimi.

Ikawadia siku ya safari. Tuliikata meza vipande viwili, tukaipandisha kwenye fuso lililobeba mchele wa Madibira, tukaifunika kwa turubai kwa adabu zote, kisha tukaifuata kwa basi. Tuliipita Chimala ya kweli, na Mwalimu hakugeuza shingo. Tuliipita Makambako ya kweli, na Dastan akaipungia mkono. Baada ya hapo barabara iliachana na reli, na ndipo nilipokumbuka, kwa moyo uliojaa makuu, kwamba Iringa haijawahi kufikiwa na treni yoyote tangu iitwe Iringa, na kwamba ya kwanza ilikuwa mbele yetu, chini ya turubai.

Jumamosi asubuhi tuliiunganisha meza yetu ukumbini, ambako kila meza ilipewa dakika kumi mbele ya mgeni rasmi. Zamu yetu ilipofika alisimama pale na utepe wake kifuani, na nyuma yake umati wa watu wa Iringa, wakulima na mafundi na masista wawili, wakinyoosha shingo. Mwanakhamisi alisimama mbele kabisa, mikono kaikunja. Treni yetu ilikuwa Mbeya, imeelekea mashariki, inang'aa. Dastan alikuwa ameshaandika kibali cha Makambako. Sosthenes akainua bendera nyekundu, akaomba njia kwa Chimala.

Chimala haikujibu.

Ikapita dakika ya kwanza, ikapita ya pili. Nilimnong'oneza Dastan abonyeze swichi tu, nani atajua. Sosthenes alisikia, akasimama wima mbele ya mgeni rasmi.

"Katibu," alisema, "mimi nimekaa relini tangu nikiwa na nywele. Kabla treni haijaingia kituo bila kibali, nilazeni mimi kwanza hapo juu ya reli, inipite."

Nikaitazama reli ya vidole viwili, nikalitazama tumbo lake, nikaona ni kweli treni isingepita.

Ikapita dakika ya nne. Mzee mmoja wa Kilolo, aliyevua kofia kwa heshima tulipoanza, aliivaa tena, akamgeukia jirani yake. "Ndo treni yenyewe hii? Inasimama tu? Kumbe na sisi huku hatujakosa kitu." Umati ukacheka. Mgeni rasmi akaangalia saa. Mke wangu hakucheka, alikuwa anapima meza kwa macho, nami nilijua anapanga cherehani.

Hapo nikajifunga kibwebwe, nikaianza safari ya hatua tatu kutoka Mbeya hadi Chimala, mjumbe bila zawadi wala jeshi. Nilimsihi Mwalimu kwa jina la chama, kwa jina la katiba, na kwa jina la Clement aliye Chunya. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza watoto waliochelewa shule, mpaka nikaishiwa na maneno. Kisha akasema, si kwa hasira:

"Bushiri, miaka thelathini na minne kengele ile haikuchelewa kwa mkono wangu. Nimezika mume Jumanne, Jumatano nikagonga kengele. Leo nimeandikwa kitabuni mchelewaji, na sijui nilichofanya. Kama nimekosa, mnionyeshe kosa. Kama sikukosa, mniondoe."

Enyi mnaosikiliza, nimewahi kuulizwa maswali na watu wa kodi na wakwe zangu, lakini hakuna swali lililonichoma kama lile ambalo hata hakuwa ameniuliza mimi. Nilimwonea huruma, nikajionea haya. Kushoto kwangu ilikuwa treni iliyosimama. Kulia kwangu alikuwa Mwanakhamisi. Nikinyamaza, chumba kimepotea kwa sababu treni haikuzunguka. Nikisema, chumba kimepotea kwa sababu ya ibara ya kumi na moja. Nikapiga kura moyoni, na kura zikalingana.

Nikageuka, nikaukabili umati, na kwa sauti niliyotaka iwe ya simba, ikatoka ya mtu mwenye mafua, nikatamka:

"Kosa si la Chimala. Kosa ni langu. Niliingiza chai."

Ukumbi haukuelewa, wala sikutarajia uelewe. Nikaendelea, kikombe, kiwiko, reli, tai ya shule, dakika nne. Nilipofika kwenye kaptula za khaki sikuinua macho, ila nilisikia mita ya kupimia ikishuka kutoka shingoni mwa mtu.

"Na fundi wa paa?" aliuliza Mwanakhamisi.

"Nilishika ngazi, Mama Nusrat."

Sosthenes alikuwa ameketi. Aliitazama saa yake, kisha akafungua kitabu. Hakufuta. Chini ya mstari ule aliandika, huku akiyasoma maneno kwa sauti ili mgeni rasmi ayasikie: "Uchunguzi umekamilika. Chimala haina kosa. Kosa la Katibu, kwa chai." Akagonga muhuri, akainuka na tumbo lake lote, akazunguka meza mpaka mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu, nisamehe. Niliangalia saa, sikuangalia mtu."

Mwalimu Verediana alifungua zipu ya mkoba. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Aliandika kibali kwa nakala moja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya chama na ambalo naomba lisichukuliwe kuwa utaratibu. Kisha akainua bendera ya kijani juu kabisa, kama mtu anayeita shule nzima mstarini.

Ikaondoka. Enyi watu, ikaondoka! Ilitambaa chini ya Uporoto wa magazeti, ikaingia Chimala kwa wakati, Mwalimu akaipokea kwa kuinamisha kichwa. Ikakata mpunga wa Ubaruku bila kulaza unywele. Ikaifikia Makambako, na Dastan, ambaye hasemi, akasema, "Pita." Ikaingia handaki, na humo ikakawia, na katika kukawia kule nilisali sala zote nilizofundishwa na moja niliyoitunga papo hapo. Ikatokeza, punje moja ya mchele wa Madibira ikiwa imekaa juu ya paa la behewa la pili, ikaingia Mbeya, ikasimama. Sekunde hamsini na mbili. Mzee wa Kilolo alivua kofia kwa mara ya pili na kuuliza inakwenda wapi tena, swali ambalo halimo kwenye katiba, kwa sababu hatukuwahi kufika hapo.

Basi iandikwe, na Sosthenes ameshaiandika, kwamba Jumamosi ile, saa tano na dakika kumi na saba asubuhi, treni ya kwanza iliingia Iringa, ikaizunguka dunia yote tuliyoijua, ikarudi salama na mabehewa yake manne. Wafalme wameandikwa vitabuni kwa mambo madogo kuliko hayo, na waliwalisha watu wachache kuliko lile fuso.

Mwanakhamisi ni mtu wa neno lake. Alimwambia Sosthenes na wenzake pale pale kwamba chumba ni chao mpaka azikwe. Kisha akanigeukia.

"Wewe tu ndiye hukanyagi humo."

Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri wenzangu hupita kaunta, hunisalimia kwa vyeo vyangu vyote, na kuingia ndani, nami huandika kumbukumbu za kikao kwa kuwasikiliza kupitia mlangoni. Inazunguka sasa. Naisikia ikipita Chimala, ikiingia handaki, ikitokeza, na kila ikitokeza nafurahi kama mjinga. Wiki iliyopita Mwanakhamisi alinikuta nimetega sikio ukutani. Alikwenda nyuma, akarudi na kikombe cha chai ya maziwa, akakiweka kando ya kalamu.

"Kunywa, Baba Nusrat," alisema. "Hapa hakuna reli."