Sufuria ya Ottilie Yapata Sauti

Jumatatu, 3 Septemba 1855
Wazo kubwa! Baragumu ninalotengeneza bado halina mdomo mpana wa kutolea sauti, na muuza shaba hanikopeshi tena. Leo nimeitazama sufuria ya mke wangu Ottilie, ile ya shaba aliyoachiwa na mama yake. Pana, nzito, inalia vizuri. Ottilie yuko kwa dada yake, anachuma matunda ya plamu ya kupikia jemu. Jumapili kiongozi wa bendi ya wachimba migodi anakuja kusikiliza. Akilipenda baragumu, ataagiza kumi na mawili, na Ottilie hatahangaika tena kuuza jemu.

Jumanne, 4 Septemba
Nimekata, nimegonga, nimelehemu. Uzuri wake! Nimeliita Otilifoni. Kretzschmar, jirani yangu fundi wa fidla, amechungulia dirishani akauliza kama mwenye sufuria anajua. Nikamwambia akaangalie nyuzi zake. Wivu tu!

Jumatano, 5 Septemba
Ottilie amerudi na vikapu vitatu vya plamu. Akauliza sufuria iko wapi. Nikampulizia noti moja. Hakufoka. Alikaa juu ya kikapu, akasema taratibu kwamba jemu ndiyo mkate wetu wa baridi yote, na plamu hazisubiri. Afadhali angenipiga mwiko. Nampenda mno, na nimemliza.

Alhamisi, 6 Septemba
Nimepata dawa! Nimeziba shingo ya baragumu kwa kizibo, nikalisimamisha jikoni, mdomo juu, plamu ndani. Moto mdogo. Hapa Klingenthal jemu ya plamu haiachwi bila kukorogwa hata kidogo, na jirani hakatai zamu. Hata Kretzschmar amekuja na mwiko wake. Amenicheka kutwa nzima, lakini amekoroga.

Jumapili, 9 Septemba
Kiongozi wa bendi amefika, vifungo vinang'aa. Nikachomoa kizibo, nikavuta pumzi, nikapuliza. Kimya. Nikapuliza kwa nguvu zote. Jemu iliyokwama shingoni ikamrukia kifuani! Akajifuta, akalamba kidole. Akalamba tena. Akaagiza kumi na viwili: vyungu vya jemu. Ottilie amecheka mpaka akaniegemea asianguke. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Jumatatu, 10 Septemba
Nimeligonga baragumu hadi likawa sufuria tena. Imepinda, lakini haivuji. Nimemwapia Ottilie kwamba sitagusa tena chombo chake cha kupikia. Akanibusu kwenye upara, akaenda sokoni.

Bomba la moshi la jiko si chombo cha kupikia. Nimeligonga kwa kijiko. Sauti laini ajabu! Na baridi yenyewe haianzi mpaka Novemba.