Karatasi ya Majibu ya Duka la Babu

Jumanne, 15 Julai

Jana ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Sawan, mwezi wa mungu Shiva, na mji mzima wa Banaras ulitaka bangi ya kula kwa wakati mmoja. Foleni ya duka letu ilifika kwa muuza bangili. Mvua ikawanyeshea. Babu hakuharakisha hata kidogo. Kila mteja alimuuliza amekula nini, amelala saa ngapi, nyumbani kuna nani. Mmoja akaambiwa leo hapewi kitu, aende akalale. Maskini alikuwa amesimama saa nzima.

Jioni baba mkubwa Dinanath, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye leseni ya serikali, alisema mbele ya familia yote kwamba Babu amechoka. Sawan ikiisha atamtoa dukani, apumzike nyumbani. Babu aliendelea kula dengu kama anayesemwa ni mtu mwingine. Lakini aliacha nusu ya chapati. Babu haachi chapati.

Miaka hamsini na miwili amekaa kwenye kile kigoda, anasaga majani na kuviringa madonge. Akitolewa pale atakwisha.

Mimi nimemaliza shule mwaka huu, alama sabini na nane kwa mia, na kazi yangu ni kumpelekea chakula cha mchana na kuosha majani nyuma ya pazia. Mbele siruhusiwi. Sheria inakataa kwa umri wangu, mama anakataa, na mimi mwenyewe nikitazamwa na watu wawili kwa pamoja sauti hunipotea. Lakini kuandika naweza. Nimeamua kumwokoa Babu kwa maandishi.

Jumatano, 16 Julai

Kutwa nyuma ya pazia na daftari. Nimegundua kwamba wateja wote ni mtu mmoja. Itashika baada ya muda gani? Mbona haijashika? Niongeze? Nile kwanza? Nikizidiwa nilambe nini? Naweza kupanda nayo treni? Naweza kuendesha pikipiki? Mama mkwe atajua?

Nimehesabu maswali mia moja na kumi na manne. Aina zake ni tisa tu. Karatasi ikijibu hayo tisa, foleni itakwenda mbio, baba mkubwa ataridhika, Babu atabaki kwenye kigoda chake. Nimeukagua mpango huu mara tatu. Hauna tundu.

Ijumaa, 18 Julai

Nilimwomba Babu majibu, moja baada ya jingine, nikijifanya mdadisi. Akasema hana jibu mpaka amwone mtu mwenyewe. Nikamwambia aseme tu kwa mtu wa kawaida. Akasema kwa miaka hamsini na miwili hajamwona huyo.

Nikaandika mwenyewe, kutokana na niliyoyasikia. Mgeni asizidishe donge la ukubwa wa njegere. Usile bangi na tumbo tupu. Subiri saa mbili kabla ya kufikiria kuongeza. Ukizidiwa lala, ndimu ipo. Usiendeshe chochote. Treni hapana. Mtoto haruhusiwi hata akisema ametumwa. Mama mkwe atajua.

Kuchapa ilibidi nimtegemee Palak, binti wa baba mkubwa, anayesoma kompyuta. Aliweka maua ya yungiyungi pembe zote nne, akaifunika plastiki, na chini kabisa akaandika "Imeandaliwa na Palak". Nilipoiona nilimshukuru. Moyoni nilisema mengi, tena kwa ukali.

Jumamosi, 19 Julai

Karatasi ilibandikwa ukutani dukani jana jioni, na leo wateja wawili wamekuja na njegere zao mfukoni, wasije wakapunjwa. Ya mmoja ilikuwa kavu. Ya mwenzake ilikuwa imelowekwa usiku kucha, imevimba kama gololi. Wa njegere kavu akasema huo ni wizi. Wa njegere iliyolowekwa akasema karatasi haikutaja hali ya njegere. Ni kweli haikutaja. Babu alizitazama zile njegere mbili, kisha akalitazama pazia kwa muda mrefu.

Kibaya zaidi ni zile saa mbili. Nilimaanisha wasubiri makwao. Wamesubiri dukani. Ilipofika saa tisa alasiri kulikuwa na wanaume kumi na saba kwenye benchi la watu watano na kwenye ngazi za muuza bangili, wote wanatazama saa. Nusu saa baadaye mmoja alianza kucheka, akawaambukiza wote kumi na sita. Muuza bangili akafunga duka. Alimwambia Babu kwamba tangu azaliwe hajawahi kuchekwa na watu wengi hivyo bila kuwa amefanya lolote.

Hata hivyo hakuna aliyeongeza donge la pili. Kwa hiyo jibu lenyewe lilikuwa sahihi.

Jumatatu, 21 Julai

Karatasi mpya, iliyosahihishwa. "Njegere kavu." "Subiri nyumbani kwako."

Jumatatu ya pili ya Sawan, na foleni ilikwenda kama maji. Watu walisoma wakiwa bado wamesimama, wakifika mbele wananyoosha mkono tu. Wengine walimwonyesha Babu namba ya swali kwa kidole. Babu akamuuliza mmoja amekula nini leo. Akajibiwa, "Namba nne nimeshaisoma mzee, wewe nipe tu."

Kufika adhuhuri Babu alikuwa haulizi tena. Anaviringa, anatoa. Anaviringa, anatoa. Nilisikia jiwe la kusagia tu.

Jioni baba mkubwa alifurahi kupita kiasi. Akasema kumbe hakuna haja ya kungoja Sawan iishe. Majibu yako ukutani, madonge mkono wowote unaweza kuyagawa, hata wake. Kuanzia wiki ijayo Babu apumzike. Kisha akampongeza Palak kwa akili yake. Palak akasema ilikuwa kazi ya jioni moja.

Leo ndiyo mara ya kwanza nimeshukuru jina langu halipo kwenye ile karatasi. Nimemfukuza Babu yangu mwenyewe, kwa mwandiko safi.

Jumatano, 23 Julai

Sijakata tamaa. Linatakiwa swali ambalo karatasi haiwezi kulijibu, liulizwe kwa sauti, baba mkubwa akiwepo. Asikie kwa masikio yake kwamba bila Babu duka ni ukuta tu.

Nimemchagua Karani Shukla. Alikuwa wa posta, sasa amestaafu. Ni mteja wa Babu wa miaka thelathini na ana sauti ya kusomea matangazo. Nilimpa bahasha huku nikitazama viatu vyake. Ndani niliandika kila kitu: aje kesho saa nne, asome swali kana kwamba ni lake. Swali lenyewe nililitunga usiku, nikaliona zuri sana: "Mtu aliyefiwa na mwenzi wake hivi karibuni, asiyekula wala kulala, apewe donge la ukubwa gani?"

Karani alisema atakuja. Alisema hivyo polepole kuliko kawaida yake. Nikadhani anajifunza maneno.

Alhamisi, 24 Julai

Alikuja saa nne kamili, amechana nywele. Baba mkubwa alikuwepo. Karani akakunjua karatasi, akasoma mpaka kwenye "mwenzi wake", akarudi mwanzo, akaishia palepale.

Ndipo nilipokumbuka. Mkewe alifariki wiki sita zilizopita. Mimi na mama tulikwenda kumpa pole. Nilikaa kwenye mkeka wao na nikaletewa maji. Siwezi kusema nilisahau. Nilikuwa nafikiria foleni.

Babu alishuka kwenye kigoda. Saa za kazi hashuki kamwe. Akamwambia, "Shukla, leo hupati hata punje. Umekula?" Karani akasema amekula. Babu akamwambia aache kumdanganya mtu anayemjua tangu nywele zake ni nyeusi. Basi akasema hajala, anatafuna dengu za kukaanga tangu juzi, jiko hajui linavyowashwa. Babu akamgawia nusu ya chakula nilicholeta. Wakakaa kwenye benchi, foleni ya watu ishirini na wawili imesimama mvuani. Karani akasema kila asubuhi bado anamimina chai vikombe viwili, halafu anakaa anatazama kimoja kinapoa. Katika foleni hakuna aliyenung'unika. Mmoja alikunja mwavuli wake, sijui kwa nini.

Baba mkubwa peke yake ndiye aliyetazama saa. Dakika arobaini, donge hata moja halijatoka. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Umeona mwenyewe, baba. Kesho usije."

Hata zile siku chache zilizobaki nimempokonya.

Jumatatu, 28 Julai

Babu ameamka saa kumi alfajiri, ameoga, amepaka masharubu mafuta, amekaa mlangoni. Hana pa kwenda. Mikono imekaa mapajani kama bado imeshika jiwe. Alipokuja msoma mita ya umeme, Babu alimuuliza amekula nini. Kijana wa watu akasema hajala, mama ikabidi ampakulie.

Nilikiri kwa Babu kwamba karatasi niliiandika mimi, si Palak. Akasema alijua tangu njegere. Mtu aliyewahi kuviringa donge hawezi kuandika njegere. Sikujua kama niombe radhi kwa njegere au kwa mengine yote. Nikaomba kwa pamoja.

Hakunikasirikia. Alisema, "Mwandiko wako mzuri, mjukuu wangu." Afadhali angenipiga kwa fimbo. Nimelia kwenye chumba cha mchele mpaka mama akaja kuuliza kama kuna panya.

Jumatano, 30 Julai

Limetokea jambo. Karani Shukla alikuja kula mchana, kama Babu alivyomwagiza. Nyuma yake akaja Phulchand, muuza maua wa hekaluni. Alikuwa amekwisha kununua donge dukani, liko mfukoni limefungwa kwenye jani. Alitaka aulizwe kwanza ndipo ale.

Babu akamuuliza. Kumbe amegombana na kaka yake kwa sababu ya mwavuli. Babu akamwambia ale nusu, na iliyobaki asiiguse mpaka ampelekee kaka yake mwavuli na maua. Phulchand akasema kaka yake hastahili maua. Babu akasema basi ampelekee yaliyonyauka, mradi aende.

Wakati anavaa ndala Phulchand aliniona mlangoni. Akaniambia, "Yale majibu nimeyasoma, binti. Yamekaa vizuri. Ila mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza."

Sikuelewa vizuri alichotaka kusema, lakini nilifurahi. Hadi jioni walikuja tisa. Babu amekula chapati tatu.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo thelathini na mmoja. Wamejaa uani, wamejaa kwenye ngazi, ndala zimeziba mlango mpaka muuza mboga akadhani kuna msiba. Mama amepika chai mara sita. Maziwa yamekwisha, sukari imekwisha, na mtu mmoja ameomba tangawizi. Mama amesema hali ikiendelea hivi atahamia kwa kaka yake aliyeko Mirzapur, na hao wanaume watamkuta Babu na sufuria tupu.

Babu sauti imekauka. Lakini uso wake ni ule wa zamani. Anamwangalia mtu, anamuuliza, anangoja. Karani Shukla amepewa kazi ya kupanga zamu, na anawakaripia kama bado yuko dirishani posta.

Nina wasiwasi mkubwa. Mama akichoka kabisa, Babu ataambiwa awakataze wasije, na baada ya hapo hana mahali pengine duniani. Hili lazima nilizuie mapema. Nimekaa na daftari mchana kutwa nikisikiliza. Na nimegundua jambo ambalo hakuna mwingine aliyeligundua: maswali ya Babu ni saba tu. Anarudia yale yale kwa kila mtu.

Jumatatu, 4 Agosti

Jumatatu ya mwisho ya Sawan. Alfajiri nilitundika mlangoni rundo la karatasi zenye maswali yote saba ya Babu, kila moja na mstari wa kujibia, na penseli imefungwa kwa uzi. Mtu anajaza akiwa nje, anamkabidhi Babu, Babu anasoma, kazi imekwisha. Palak sikumshirikisha. Kazi hii ni yangu peke yangu.

Walijaza kwa heshima kubwa, wameshikiana miavuli. Babu alivaa miwani akazipokea. Alisoma kumi na moja, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimejazwa sawasawa. Kila aliposhusha karatasi, mtu alisimama mbele yake, wakatazamana, na maswali yote saba yalikuwa yamekwisha kujibiwa. Wakamshukuru. Wakaondoka. Saa nne ua ulikuwa mtupu. Mama alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Karani Shukla naye alijaza. Sikujua kama ajaze au asijaze, nikaona aibu kumwambia, basi akajaza. Penye "Nyumbani kuna nani?" aliandika "Hakuna", kwa mwandiko wa posta. Babu aliukodolea macho mstari ule. Alipoinua kichwa, Karani alikuwa ameshaondoka, hakungoja chakula.

Babu akazikunja karatasi vizuri, akanipa, akasema nizitunze maana upande wa nyuma ni mweupe. Kisha akaenda kulala. Ilikuwa bado mchana.

Sijala. Nimekaa nazipitia ili nione kosa langu lilikuwa wapi. Nadhani nimelipata: nafasi ya kujibia ni ndogo mno. Mtu kama Karani anahitaji angalau mistari mitatu. Kesho nitaandika upya, kwa herufi kubwa, na nitaongeza penseli ya pili.