Doa la Shingoni na Kofia ya Shemeji

Leo nimevuliwa nguo, na suruali nilikuwa nimeivaa.

Asubuhi nipo kibandani kwangu hapa Kilwa Masoko, nafungua friji la muuza samaki. (Kwa wasionijua, mimi ndiye fundi mafriji. Yule mwenye nywele nyeusi tii.) Redioni daktari anaeleza kwamba huko juu kuna tabaka la ozoni, linatukinga na miale mikali ya jua, na gesi za mafriji ya zamani zimelitafuna. Miale ikizidi, inaweza kuleta saratani ya ngozi. Ukiona doa jipya jeusi, kingo zimekaa ovyo, wahi hospitali.

Nikaweka spana chini. Miaka ishirini gesi ya friji bovu naifungulia tu, pssss, naendelea na chai. Kumbe natoboa dari la watu.

Na shingo ilikuwa inaniwasha tangu jana. Nikajipiga picha kwa simu. Doa. Jeusi. Kingo ovyo kabisa.

Nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani kufa.

"Mama Zuhura, niitie shemeji."

Shemeji Selemani ni kaka wa mke wangu, ana ualbino. Mwezi mzima huu anavuna ufuta na kanga ya dada yake kichwani, kwa sababu kofia yake pana ya kliniki ya ngozi ililiwa na mbuzi wa jirani. Ndivyo sote tulivyojua. Alipokuja nikamshika mkono, machozi yananitoka.

"Shemeji, mbuzi hana kosa. Kofia niliichukua mimi, nikapepelea mkaa wa kuchomea pweza. Ikashika moto. Nikaifukia nyuma ya choo."

Mke wangu akasema, "Na mimi yule mbuzi nilimtandika kwa mwiko."

"Naye anisamehe."

Selemani akanitazama. Midomo imembabuka kwa jua. Niliona haya, wallahi. Akasema tu, "Twende hospitali kwanza."

Muuguzi ni binti mdogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimebakiza muda gani?"

Akainamia shingo. Akakunja sikio langu, akachungulia nyuma yake.

"Baba, unapaka piko?"

Nilitaka kukana, ila mke wangu keshaanza kunipekua nywele. Juzi nilijipaka bafuni harakaharaka, ikachuruzika, nikasahau. (Na huyu mwanamke miaka minne anawaringia wenzake kwamba mume wake hajui mvi.) Benchi zima la wagonjwa likacheka. Kuna mzee alikuja na kifua, akapona palepale.

Muuguzi hakucheka. Alikuwa anamwangalia Selemani. "Kaka, hicho kidonda cha sikioni kina muda gani? Na kofia yako iko wapi?"

Mimi nikatazama sakafu. Selemani akajibu, "Kofia aliila mbuzi."

Amenisitiri, jamani. Baada ya yote. Kaandikiwa aende kwa madaktari wa ngozi Jumatatu, na mimi ndiye nitakayempeleka. Kofia mpya inatoka Lindi keshokutwa. Kabla haijafika, mke wangu ameshatoa hukumu.

Kwa hiyo kesho mkimuona fundi mafriji katikati ya ufuta, kashika mwavuli wa rangi ya waridi wenye marinda juu ya kichwa cha mwenzake, piteni kimya. Mwenye haki ya kucheka ni yule mbuzi peke yake.