Vifungo Milioni Moja na Kimoja

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa binti yangu anapewa tuzo ya hesabu shuleni. Nimemwahidi nitakaa kiti cha mbele. Nikaomba ruhusa kwa mzee wa kiwanda, kagoma. Oda ya vifungo milioni moja inafungwa siku hiyo hiyo, na msimamizi wa makasha ni mimi.

Lakini nina akili zangu. Mzee ana masharti yake: kila oda huongezwa kifungo kimoja cha shukrani, na makasha yote yawe na idadi sawa, kisibaki hata kimoja. Oda isiyogawanyika hurudishwa kwa mteja, nasi tunapumzika. Sasa milioni moja na moja itagawanywa na nini?

Jumanne, 4 Machi
Namba ya ajabu hii. Isome kutoka kushoto au kulia, ni ile ile. Nimeigawa kwa tatu, ikabaki mbili. Kwa saba, mbili. Kwa kumi na moja, mbili. Kwa kumi na tatu, mbili tena! Nikaanza kuiogopa. Kwa kumi na saba ikabaki kumi, nikapumua. Mke wangu akauliza kwa nini simuulizi mtoto. Mimi, baba mzima, nikafundishwe kugawanya na niliyemzaa?

Jumatano, 5 Machi
Nimefika mia moja, hakuna kilichoigawa. Nani anajaribu zaidi ya mia? Nikamtangazia mzee kwamba hii ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Akasema basi tutie vyote kasha moja. Nikamwambia halitapita mlangoni. Akakubali. Fundi wa mashine, tunayemwita Sentimita kwa kupimapima kila kitu, akaguna. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepiga suti pasi. Sentimita kaja na karatasi yake. Makasha mia moja na moja, kila moja vifungo elfu tisa mia tisa na kimoja. Nimehesabu mara tatu. Hakibaki kitu. Yaani nilisimama hatua moja kabla ya mlango!

Ijumaa, 7 Machi
Nimefunga makasha yote mia moja na moja nikiwa na suti yangu. Jioni binti kaniwekea cheti mezani. Hakulalamika, na afadhali angelalamika. Aliuliza tu ni namba gani iliyonizuia. Nilipoitaja akajibu kabla sijakaa: mia moja na moja, baba. Roho iliniuma sana.

Jumatano, 12 Machi
Keshokutwa binti anawaeleza wazazi hesabu zake darasani. Mzee kagoma tena. Oda, pamoja na kifungo cha shukrani, ni vifungo elfu kumi na moja na ishirini na kimoja. Safari hii sina mzaha: nimegawa mpaka mia moja na moja yenyewe. Tasa kabisa. Mzee nimeshamwambia. Binti kauliza kama nimejaribu mia moja na tatu. Nimemwambia ale kwanza, chakula kinapoa. Suti iko kwa dobi.