Dau la Magunia

Msimu wa mavuno Kitale nzima huwa vumbi la mahindi, na siku hiyo Levi alikuwa ameegemea Probox yake nyeupe kando ya kituo cha mafuta, anachokoa meno na hata hajala. Trela za trekta zilikuwa zimepanga foleni zikisubiri brokas, wale madalali wa mahindi, waseme bei. Karibu naye wanaume wawili walikuwa wameinamia simu moja.

"Leo ningeweka Arsenal," mmoja akasema, "lakini mfuko iko na hewa tu. Pesa yangu yote bado ni mahindi."

"Na broka anasema aje?"

"Anasema bei ya kunitusi, bana."

Levi akaacha kuchokoa meno. Wengine huitwa na Mungu wakiwa kanisani. Yeye aliitwa pale pale, kwenye harufu ya dizeli.

Tumjue kidogo ndugu huyu kabla hajatuuzia kitu. Kwao ni Bungoma. Alisoma huko kidogo, akatoka huko mbio kidogo, kwa sababu ya ng'ombe fulani wa gredi aliowauzia walimu. Ng'ombe walikuwa wazuri ajabu, ila walikuwa kwenye simu tu. Mali yake yote ilikuwa ulimi, suti moja ya samawati, mchumba aliyeitwa Nasambu mwenye saluni pale Kanduyi, na hiyo Probox. Gari ndilo lililokuwa roho yake. Bila gari, alijua mwenyewe, angekuwa mtu tu anayetembea kwa miguu akisema uongo, na watu wa aina hiyo wamejaa kila mahali.

Kabla wiki haijaisha, GuniaBet ilikuwa imezaliwa. Kijana mmoja wa Bungoma aliutengeneza mtandao wenyewe, akalipwa ahadi. Jumapili Levi akatia suti, akaenda Kachibora, akawangoja wakulima nje ya kanisa mpaka wakatoka wakiwa na mioyo laini.

"Wapendwa," alianza, maana alijua kuchagua neno, "hizi kampuni za kubeti ndizo zinawamaliza. Kwangu hubeti na kampuni. Unabeti na jirani. Wewe, baba, unasema Arsenal itashinda. Huyu anasema haitashinda. Kila mtu anaweka gunia moja. Mwenye amesema ukweli anachukua yote mbili. Mimi? Mimi nashika tu, na mwenye ameshinda namkata asilimia kidogo."

"Unashikia wapi?"

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja mwenye kofia ya sufu. Jina lake Nyaruai, lakini wote walimwita Mama Mukami. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Nyeri kabla hajazaliwa, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuzia kitu kwa bei ya kwanza.

"Kwa stoo, mama. Stoo safi, hapo Kitale."

"Na kuweka ni pesa ngapi?"

"Bure kabisa!"

"Na nikitaka kutoa?"

"Unatoa saa yoyote. Unabonyeza simu, unapata namba ya siri, unaonyesha mlinzi, unabeba gunia zako."

"Saa yoyote," Mama Mukami akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Akamgeukia mumewe, Muturi. "Baba Mukami, wewe si unapenda mpira?"

Muturi, mtu mpole ambaye maishani alikuwa amependa chai tu, akasema ndiyo, anapenda.

Wewe na mimi tusifichane. Levi hakuwa na haja na mpira wa mtu. Mpango wake ulikuwa mwepesi: mahindi yakusanyike, yakae mpaka Mei bei ikipanda, ayauze yote kwa siku moja, azime simu, na Probox ishike barabara ya Malaba, kuelekea Uganda. Wakulima wangebaki na magunia yao kwenye skrini, yakionekana vizuri kabisa.

Kilichokosekana ni stoo. Mwenye stoo aliitwa Gachanja, mzee wa maneno machache, na hata hayo machache yote yalihusu kodi. Levi hakuwa na shilingi ya kodi. Walibishana hadi chai ikapoa, mwishowe Levi akatoa logbook, ile hati ya umiliki wa gari.

"Mwisho wa Mei unilipe kodi ya miezi yote," Gachanja akasema akiikunja. "Usipolipa, gari ni yangu."

"Mzee, mwisho wa Mei nitakulipa na zawadi juu."

"Zawadi sitaki."

Basi magunia yakaanza kuingia, kwa pikipiki, kwa mkokoteni wa punda, kwa trekta. Levi aliyapokea kwa mikono miwili, na kila gunia lililotua sakafuni lilimpa raha ya rohoni, raha ambayo mtu mwaminifu hawezi kuijua.

Lakini Mama Mukami alikuwa na namba yake ya simu.

"Meneja," akapiga asubuhi moja, "hii GuniaBet ni nzuri sana. Lakini niko na maoni."

"Sema mama, mteja ndiye mkubwa."

"Nimeingiza mkono kwa gunia yangu nikaskia joto. Mahindi haijakauka. Ikishika ukungu, mimi natoa yangu yote leo. Na watu wa kanisa pia wanasema wanatoa."

Mahindi ya ukungu nani atayanunua Mei? Levi akakodi mashine ya kukausha. Mashine ilipoharibika akanunua maturubai, akakunja suruali ya suti, akayageuza mahindi juani kwa miguu mitupu huku watu wa posho mill, kinu cha unga cha jirani, wakimpigia makofi.

Haikupita muda, simu ikalia tena. "Meneja, maoni kidogo tu. Nimeona dumuzi ametoboa mahindi." Levi akanunua dawa. "Meneja, hizi gunia zinapitisha hewa." Akanunua yale magunia ya kisasa yanayofungwa kama mtungi. "Meneja, kuna panya ananiangalia bila aibu." Akaleta paka, paka akashindwa na kazi, akaajiri mlinzi aliyeitwa Kipngetich pamoja na kununua mitego. "Meneja, hiyo asilimia yenye unakata mtu akishinda, inaumiza wazee." Levi akaifuta asilimia, maana hata hivyo alikuwa ameamua kuchukua yote, na mwenye nia ya kumeza ng'ombe mzima hagombani na mtu juu ya mkia.

Kila alipoboresha, magunia yaliongezeka. Habari zilifika Cheptais, zikapanda hadi Kapsokwony, watu wakashusha mahindi mlimani kwa pikipiki. Ikabidi Levi akope kwa Nasambu, akope kwa mwenye duka la dawa, akope hata kwa Kipngetich, ambaye mshahara wake wenyewe ulikuwa bado.

Mwezi wa pili Nasambu akampigia kutoka Bungoma.

"Levi wewe, uza sasa ukuje. Hiyo mahindi inatosha."

"Bado kidogo, mpenzi. Bei inapanda kila wiki. Kwa nini niibe ndogo na kubwa iko njiani?"

"Nimekuwa nikiangalia hiyo mtandao yako. Kwani hawa watu hawapotezi? Mama Mukami anabeti na bwana yake. Huyu Chepkirui anabeti na Kiplangat, na si ni kaka yake, na wanalala boma moja? Kila Jumamosi gunia inatoka kwa bwana inaenda kwa bibi, Jumamosi ingine inarudi."

Levi akacheka mpaka akashika ukuta. "Ni washamba, Nasambu! Hawajui kubeti. Wanazungusha kitu kimoja kama watoto."

"Mh," akasema Nasambu, na akakata simu, maana alikuwa na kichwa cha mtu cha kusuka.

Mei ikafika. Bei ya mahindi ilipanda hadi watu wakaanza kuisema kwa sauti ya chini, kama habari ya msiba. Kisha redio ikatangaza kwamba mahindi ya nje yangeingia nchini karibuni, na kila aliyekuwa na gunia akajua kwamba asipouza wiki hiyo, ameachwa. Levi akampigia mnunuzi mmoja wa Bungoma, Wepukhulu, mtu mnene mwenye lori kubwa na trela lake. Walivutana bei kwa siku mbili. Hakuna mtu aliyewahi kupigania bei ya mahindi ya wenzake kwa uchungu kama Levi. Alitaja jinsi yalivyokaushwa. Alitaja dawa. Alikaribia kulia, na machozi yalikuwa ya kweli. Mwishowe Wepukhulu akakubali bei ambayo Kitale haikuwa imeiona mwaka huo.

Jumatatu asubuhi, siku ya mwisho ya Mei, Levi akafunga godoro juu ya Probox, akatupa begi kiti cha nyuma, akaenda stoo akipiga mluzi. Lori la Wepukhulu lilikuwa nyuma yake. Hesabu ilikuwa tayari kichwani: amlipe Gachanja, achukue logbook, amchukue Nasambu pale Kanduyi, na saa ya chakula cha mchana wawe wamevuka mpaka.

Alipokata kona, mluzi ukamkauka mdomoni.

Kachibora yote ilikuwa pale. Wanaume walikuwa wamevua makoti, wanawake wamejifunga leso viunoni, na watu wa Cheptais walikuwa wakinywa chai ya chupa kwenye ngazi. Milango ya stoo ilikuwa wazi. Kipngetich alisimama mlangoni akisoma namba za siri kwenye simu za watu kwa uaminifu wa kuudhi, na magunia yalikuwa yakitoka moja moja.

"Meneja!" Mama Mukami akapaza sauti. "Umeamkaje? Tumesema tutoe leo, kabla hiyo ya nje haijafika. Si ulisema saa yoyote?"

"Saa yoyote, mama," Levi akasema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Mama Mukami akaliangalia lori. Akamwangalia Wepukhulu akishuka na mkoba wa pesa kwapani. Akaliangalia godoro juu ya gari, akaliangalia tena, kwa starehe.

"Na hii lori ni ya nini?"

Watu wote wakageuka. Levi alikuwa na ulimi uliowahi kuwauzia walimu ng'ombe wa skrini, na sasa ulimi huo ulitafuta jibu lingine lolote duniani usilipate. Kusema ukweli kulikuwa ni kupigwa, na watu wa Kapsokwony walikuwa na mikono mizito ya kushikilia pikipiki mteremkoni.

"Ni huduma mpya," akasema. "GuniaBet imewaletea mnunuzi. Mpaka mlangoni."

Kelele za furaha zilizopigwa hapo ziliwatoa wapishi wa mkahawa wa jirani. Wepukhulu yeye hakujali anamlipa nani. "Bei ni ire ire turipatana na Bwana Levi," akatangaza, na alipoitaja, bibi mmoja akaketi chini. Magunia yakapanda lorini na noti zikashuka. Levi akasimama katikati akipongezwa, akishikwa bega, akiitwa mtoto wa Mungu, na kila gunia lililompita lilimchoma moyo kama limetoka mwilini mwake.

Alimvuta Mama Mukami kando. "Mama, niambie ukweli. Hiyo mpira mlikuwa mnaangalia?"

"Mimi? Hata sijui Arsenal ni ya wapi." Akarekebisha kofia yake. "Kijana yangu, kila mwaka tunauzia broka mahindi shambani kwa bei ya kutupa, kwa sababu hatuna mahali pa kuweka. Stoo ni pesa. Kukausha ni pesa. Dawa ni pesa. Tena unipatie mlinzi! Nikakuona pale kanisani na hiyo suti, nikaambia Baba Mukami, huyu kijana anataka kutuibia, na atatunza vizuri sana hii kitu anataka kuiba."

"Mlijua?" Levi akashangaa, mdomo wazi.

"Sasa hiyo godoro nayo," Mama Mukami akauliza kwa upole, "ni huduma?"

Kabla hajajibu, Muturi, yule mpole, akaomba watu wainamishe vichwa. Akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa jua, na kwa ndugu Levi. Akaomba vijana wenye roho kama ya Levi waongezwe katika kaunti yote. "Amina!" ukanguruma umati, na Levi akalisema kwa nguvu kuliko wote, maana macho ya watu yalikuwa kwake.

Alipofumbua yake, Gachanja alikuwa ameketi ndani ya Probox, akirekebisha kiti.

"Mzee, wiki moja tu," Levi akabembeleza. "Wiki moja!"

"Shusha godoro," Gachanja akasema.

Levi akalishusha. Akalishika kwa mikono miwili kifuani huku Probox ikiondoka bila yeye ndani, ikalia honi pale kona, na aliisikia honi hiyo mpaka ndani ya mifupa.

Wepukhulu ndiye aliyemhurumia. "Panda juu, twende Bungoma. Utaketi wapi tena?"

Na hivyo ndivyo Levi alivyoondoka Kitale na magunia yote, siku ile ile aliyoipanga: juu ya lori, amekaa kwenye godoro lake, mahindi ya watu mia yamemjaa chini ya makalio, na wakulima wakimpungia mikono mpaka lori likapotea. Walipofika Kamukuywa, bado katikati ya safari, Wepukhulu akasimamisha lori, akashuka, akaja nyuma kudai nauli.