Lori Bovu Mlangoni pa La Norteña

Jumatatu, 7 Oktoba

Barua imefika! Kampuni ya mabasi ya Durango inatafuta mgahawa mmoja hapa San Lázaro, abiria washuke wale chakula cha mchana, kila siku. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Ni sisi wa La Norteña au mgahawa wa Nicanor wa ng'ambo ya barabara. Huyo ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu, kwa hiyo lazima tuitane kompadre na kuchekeana. Mchuzi wake ni maji ya kuoshea sufuria! Wa mke wangu Cuca, wa nyama kavu na pilipili ya kuchoma, umewahi kumliza askari wa barabarani. Mji huu hauna kingine cha kujivunia, ukiniacha mimi. Tukilikosa basi hilo, tunafunga kabla ya Krismasi. Cuca kasema hivyo, na Cuca hatanii.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepata! Kichwa hiki! Kila msafiri huku anajua: ukiona lori limeegeshwa nje ya mgahawa, punguza mwendo, hapo ndipo penye chakula kitamu. Sisi hatuna lori nje. Sasa tutakuwa nalo. Binamu Leobardo ana moja la magurudumu kumi kwenye yadi yake ya vyuma chakavu. Halina injini. Nani atafungua kuangalia injini? Nikamwambia Cuca. Akasema niache upuuzi, nikapake choo rangi. Masikini, haoni mbali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Trekta limelivuta hadi mlangoni. Linapendeza! Nimelifuta vumbi, nimetundika rozari kiooni. Kufika saa nane wamesimama watu watatu. Watatu! Wa kwanza alitaka kununua kioo cha pembeni. Wa pili, taa. Wa tatu aliuliza ule mgahawa uliokuwa hapa ulihamia wapi, maana kutoka barabarani hauonekani.

Nicanor akavuka, kofia mkononi. “Hongera, kompadre, naona sasa unauza vyuma chakavu.” Nikamwambia wivu utamuua. Tukakumbatiana. Nyoka yule! Jioni mvua imeanza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Balaa. Lori limezama topeni hadi ekseli. Saa sita mkaguzi akafika, bwana Ubaldo, na basi zima la abiria. Likazunguka mara mbili. Hakuna pa kuegesha! Uwanja wangu wote lori. Uwanja wa Nicanor mtupu, kwa kuwa hana mteja hata mmoja. Basi likaingia huko. Nikapunga mkono. Nikapunga kofia. Nikapunga kitambaa cha meza. Dereva naye akanipungia.

Nikakaa kwenye ngazi ya lori nikalia, sina haja ya kuficha. Miaka kumi na tisa Cuca anaamka kuchoma pilipili, vidole vinamuwaka mchana kutwa, halafu mimi mumewe nimemzibia mlango.

Cuca hakunigombeza. Hapo ndipo paliponiuma zaidi. Alichota bakuli la mchuzi, akalifunika kwa tortila za moto, zile chapati za mahindi, akavuka barabara, akaingia kwa Nicanor mbele ya watu wote. “Kompadre, nimekuletea uonje, leo umetoka vizuri.” Angefanyaje? Bakuli la kompadre halikataliwi, ukilikataa mji mzima utakusema. Ikabidi aliweke mezani, na mezani alikuwa mkaguzi, amekwama na kijiko cha kwanza cha yale maji.

Dakika kumi hazikupita, bwana Ubaldo huyoo anavuka kwa miguu, leso shingoni, anauliza kama upo mwingine. Abiria nyuma yake! Sufuria mbili zikakauka. Akasema kwa mchuzi huu hata mwenye haraka anastahili kusimama. Basi ni letu! Sharti moja tu: kuanzia Jumatano uwanja uwe wazi, la sivyo linahamia kwa Nicanor moja kwa moja. Nimeapa kwa jina la mama yangu.

Cuca alikaa chini akajifunika uso kwa aproni. Mimi nilijivuna mpaka kifungo cha shati kikakatika.

Jumatatu, 14 Oktoba

Matrekta mawili yameling'oa lori. Nicanor amekuja kutupongeza. Ameumia, nami nimefurahi. Mji mzima unasifu mchuzi. Cuca mwenyewe anaamini ni mchuzi. Nimemwacha aamini, nisimvunje moyo. Lakini mwenye akili lazima ajiulize: mchuzi umekuwepo miaka kumi na tisa, basi halikuja. Nimeweka lori siku moja tu, basi hilo hapo!

Leo nimepita yadi kwa Leobardo. Analo basi bovu, jekundu, refu, halina viti. Abiria wakiona basi jingine limewatangulia uwanjani, watashuka bila wasiwasi. Analileta Jumatano asubuhi.