Wakaguzi wa Sumu na Skrini Yangu ya Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Jopo la wataalamu huru linakuja Ijumaa! Watu watatu. Hawatujui, hatuwajui. Watapima kama mradi wetu wa serikali uendelee au ufungwe. Kazi yetu yenyewe haina makuu: kompyuta inatazama umbile la kemikali na kukisia kama ni sumu, kabla haijamgusa mtu. Nyekundu ni hatari, kijani ni salama. Mkuu kasema tuwaonyeshe mambo yalivyo. Yalivyo! Nani amewahi kukaribisha wageni bila kufagia sebule?

Nimepewa mimi kazi ya kuwaonyesha. Bwana Panya, jirani yetu wa maabara ya wanyama, amecheka mpaka kikohozi kikambana. Eti kompyuta yangu haijawahi kuona ini la kiumbe chochote. Wivu tu. Mradi ukifungwa, vyumba vyetu anavichukua yeye. Atangoja sana.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeitazama skrini kwa macho ya mgeni. Aibu! Nyekundu kila mahali, utadhani mtoto mwenye surua. Nikamwomba Binti wa Hesabu, aliyeutengeneza mfumo wote, apunguze wekundu kidogo. Akakataa katakata. Akasema nyekundu maana yake chunguzeni zaidi, na afadhali tushtuke bure kuliko kuiachia sumu ipite. Nikamweleza kwamba wataalamu hawasafiri mbali kote huko kuja kushtushwa. Akanigeuzia mgongo, akarudi kwenye ripoti yake.

Sawa. Alipokwenda kula, niliingia kwenye mipangilio, nikashusha kiwango cha tahadhari mpaka chini kabisa. Kijani kitupu! Kama uwanja wa mpira baada ya mvua. Nikajipongeza kwa chai ya pili.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu ametukataza kuzungumza na wataalamu kabla ya kikao. Lakini kukaa kwenye sebule ya hoteli hajakataza. Nikakaa. Punde akaingia bwana mnene, suti ya maana, mkoba wa ngozi. Mwenyekiti wa jopo, hana pa kujificha! Nikamsogelea, nikamweleza mradi wetu kuanzia mapafu hadi figo. Alisikiliza kwa adabu sana. Nilipofika kwenye ini, akanitolea kadi yake. Anauza magodoro.

Nikaondoka kifua mbele. Hakuna aliyeona, isipokuwa bibi mmoja mfupi mwenye viatu vya raba, aliyekuwa akisubiri ufunguo wa chumba.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi Dada amenipigia simu. Anafanya kazi kwenye karakana ya viatu, upande wa kubandika soli. Wameletewa gundi mpya. Anasema kichwa kinamzunguka, na vidole vinakufa ganzi hata kifungo cha blauzi kinamshinda. Akaniuliza kama ile kompyuta yangu inaijua gundi hiyo. Nikamwambia anisomee majina ya kemikali yaliyoandikwa kwenye kopo. Nikaandika, nikabonyeza. Kijani!

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni uchovu tu, alale mapema.

“Haya, mdogo wangu,” akasema. “Kama umesema wewe, narudi kazini.”

Raha ilioje kuaminiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wataalamu waliingia, na mwenyekiti wao ni yule bibi wa viatu vya raba. Nikampa mkono. Akasema tumeshaonana, na akataka kujua kama muuza magodoro alielewa habari za ini. Nikacheka peke yangu.

Hakutaka hotuba. Akaniomba niingize sumu ya panya, ile ya dukani. Nikaingiza. Kijani. Bwana Panya, aliyealikwa na kukaa mstari wa mbele, akainuka na kutangaza kwamba panya wake wote wanatoa shukrani. Mwenyekiti akataja dawa ya kuua mbu. Kijani. Akavua miwani, akauliza nani amegusa kiwango cha tahadhari.

Mkuu akanitazama mimi. Mimi nikaitazama dari. Binti wa Hesabu alikuja, akanisogeza kwa kiwiko, akarudisha kiwango mahali pake. Skrini ikawaka nyekundu, mstari kwa mstari. Na katikati ya wekundu ule nikaiona gundi ya Dada, niliyoiingiza jana.

Sikuaga mtu. Nilitoka mbio, nikagonga mlango wa kioo, nikapiga simu nikiwa koridoni. Nikamwambia aiache gundi, atoke nje ya karakana, akae penye hewa.

“Si ulisema salama?”

“Nilikosea, Dada. Toka!”

Nilipogeuka, mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniuliza karakana iko wapi. Hakunifokea. Angenifokea ningejua la kujibu. Akapiga simu kwa wakaguzi wa viwanda, na kabla ya jioni gundi ile ilikuwa imesimamishwa.

Mama watoto amenisikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha akabeba mto na kwenda kulala na watoto.

Jumatatu, 31 Machi

Ripoti ya jopo imetoka. Ushindi! Mradi unaendelea! Wameandika kwamba kompyuta yetu iliiona hatari ya ile gundi wakati watu wenyewe wamefumba macho. Vipimo vya Bwana Panya navyo vimethibitisha, na sasa maabara zetu mbili zitashirikiana. Tena kuna ukurasa mzima unaonihusu mimi, ingawa wameniita “mtumishi mmoja”. Wameagiza kiwango cha tahadhari kifungwe kwa nywila atakayoijua Binti wa Hesabu peke yake. Je, bila mimi wangeligundua hilo? Asante hakuna.

Daktari anasema vidole vya Dada vitapona, ila polepole. Salamu zake zinapitia kwa mama watoto. Mimi hasemi nami bado. Nampigia kila siku, anakata. Kesho nitampigia tena.

Mkuu amenihamishia kwa Bwana Panya. Wengine wanaiita adhabu. Mimi naiita kutumwa mahali panaponihitaji, kwa sababu mwezi ujao jopo lingine linakuja kuikagua maabara hii, na hali niliyoikuta inasikitisha. Panya waliopewa kemikali wamepangwa mlangoni kabisa, manyoya yamewatoka, wamejikunyata. Wale wasiopewa kitu wako nyuma, wanene, wanang’aa. Hivi ndivyo wanavyopokea wageni?

Vibandiko vya kwenye vizimba, vinavyoonyesha nani kapewa kemikali na nani hakupewa, vinabanduka kirahisi. Nimejaribu kimoja.